Panya Road Haina Mwenyekiti

Jioni ya Ijumaa, Januari 2, 2015, Dar es Salaam ilifunga milango kabla ya muda wake. Magomeni, Manzese, Sinza na Mwananyamala, maduka na baa zilifungwa haraka haraka, watu wakakimbilia ndani, simu zikapigwa kwa habari moja tu: Panya Road wanakuja. Chanzo kilikuwa mazishi. Kundi la vijana lilikuwa limetoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, na wakati wa kurudi likaanza kupora na kupiga watu njiani. Hilo lilitokea kweli. Lakini usiku ulipoingia vijana hao hao walikuwa “wameonekana” hadi Tabata na Buguruni kwa wakati mmoja, kazi ambayo hata jeshi lenye magari lisingeiweza kwa foleni za mji huu. Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam wakati huo, Suleiman Kova, alizitumia siku zilizofuata kutangaza waliokamatwa na, papo hapo, kuwatuliza wakazi kwamba sehemu kubwa ya hofu ile ililetwa na uvumi.

Miaka saba baadaye jina likarudi, na safari hii halikurudi kwa uvumi. Mwaka 2022 vikundi vya vijana wenye mapanga, visu na nondo vilivamia nyumba za watu usiku pembezoni mwa jiji, nyumba baada ya nyumba, vikijeruhi na kubeba simu, televisheni na fedha. Septemba mwaka huo mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa katika uvamizi wa nyumba huko Kawe, wilaya ya Kinondoni. Siku chache baadaye Jumanne Muliro, Kamanda wa Kanda hiyo hiyo mwaka huo, alitangaza kuwa watuhumiwa sita wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, naye akataka kila mtaa ufufue ulinzi shirikishi.

Kila jina hilo linapozuka, swali la kwanza la watu, na la waandishi wenzangu, ni lile lile: kiongozi wao nani? Tunamtafuta bwana mkubwa mwenye miwani myeusi anayekaa ghorofani na kuwatuma watoto wa watu. Hayupo. Panya Road haina mwenyekiti, haina katibu, haina daftari la wanachama. Ni jina ambalo jiji limewabandika vijana wa vijiwe vingi, wengi wao wasiofahamiana kabisa, na vijana wa kijiwe kimoja wanaweza kulivaa leo na kulivua kesho. Uhalifu uliopangwa kwelikweli tunao Dar es Salaam, ila wenyewe hautembei barabarani na panga mkononi. Kuvichanganya viwili hivi kumetugharimu roho za watu.

Chumba na sebule

Tuanzie nyumbani. Sensa ya 2002 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 2,487,288. Ya 2022 ikakuta 5,383,728, yaani zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 20. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni, hata baada ya kumegwa ikazaliwa Ubungo, ilikuwa na 982,328. Wengi wa hao wameingia Mbagala, Charambe, Buza, Yombo, Tandale, Kigogo, Bunju na Mabwepande, katika nyumba zilizojengwa kabla ya barabara kufika, ambako chumba kimoja au chumba na sebule ndiyo makazi ya familia nzima.

Sasa fikiria mtoto wa kiume katika chumba hicho. Akiwa na miaka 6 analala chini kwenye mkeka na dada zake, hakuna neno. Akifika 12 au 13, sauti imeanza kukwama kooni, pazia linalogawa chumba halitoshi tena. Binti hubaki ndani, maana nje ni hatari kwake. Mvulana huambiwa, au hujiambia mwenyewe, akatafute pa kuweka ubavu. Anapapata: geto la mshikaji. Chumba cha uani chenye godoro chini, redio, picha za wachezaji ukutani. Kodi analipa mmoja mwenye kibarua, wanaolala ni watano. Hakuna anayeuliza umerudi saa ngapi. Hakuna, pia, anayeuliza kama umekula, ila kikipikwa chochote unakula.

Mama yake si mzembe, jambo ambalo viongozi wetu hupenda kulidokeza wakipewa kipaza sauti. Alitoka saa 10 alfajiri kwenda Feri kununua samaki wa kukaanga, atarudi usiku baada ya kugombea daladala ya Rangi Tatu. Baba, kama yupo, analinda ghala la watu hadi asubuhi. Shule imekwisha darasa la saba mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Kabla ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, ada na michango ya sekondari iliwaacha wengi hapo hapo. Ni mdogo mno kuajiriwa kiwandani, ni mkubwa mno kukaa jikoni na shangazi. Anakwenda kijiweni.

Kijiwe chenyewe si kosa. Watu wazima wanavyo vyao, vya kahawa, bao na drafti, na nusu ya habari za Simba na Yanga, siasa na posa za mji huu huamuliwa hapo. Cha vijana kiko nje ya kinyozi, kwenye kituo cha bodaboda au mlangoni mwa banda umiza, na kina adabu zake. Mgeni haingii bila mtu wa kumleta. Akishaingia anapewa jina, na lile alilopewa na baba yake linabaki kwa mjumbe na kwenye kliniki. Anayepata anagawa: sigara moja huvutwa na wawili, sahani ya wali maharage huzungukwa na vijiko vinne. Asiyekuwa nacho leo hasemwi. Anayekula peke yake anasemwa mwezi mzima. Mkubwa wao ni “braza,” mara nyingi kijana wa miaka 22 au 25 aliyewahi kulala gerezani Keko au Segerea akarudi. Hatoi amri, anasimulia tu. Anasimulia alivyompiga mtu roba ya mbao, alivyoruka ukuta, alivyokaa kimya mbele ya mpelelezi. Wadogo wanasikiliza.

Heshima hapo hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kutoogopa. La pili, kubwa zaidi, ni kutochoma. Kumchoma mwenzako, yaani kumtaja, ni dhambi isiyo na kafara, na hata kijana asiyewahi kuiba sindano atakaa kimya akiulizwa na askari kwa sababu atabaki kuishi mtaa ule baada ya difenda kuondoka. Wasicilia wana neno lao la ukimya wa namna hii na limetungiwa filamu za kutosha. Sisi hatuhitaji kwenda mbali: hata mzee wa mtaa anayemjua mwizi wa koki za mabomba hamtaji, kwa kuwa ni mtoto wa jirani.

Hadi hapa tuna vijana wanaokaa pamoja. Mwaka 1927 mtafiti wa Marekani, Frederic Thrasher, alichapisha kitabu kuhusu magenge 1,313 ya Chicago, na jambo alilolisisitiza ni kwamba genge huanza kama kundi la michezo. Linalolifanya genge ni ugomvi. Watoto wanacheza, wanakutana na watoto wa mtaa mwingine, au polisi, au mwenye duka anayewafukuza, na katika kupigana ndipo wanapojifunza kusema “sisi.” Ukiisoma hoja hiyo ukiwa Tandika unaitambua mara moja. Vijiwe viwili vinagombania mechi ya ndondo, msichana, au kona ya kuuzia bangi. Mmoja anapigwa chupa. Wenzake wanakwenda kulipiza, na safari hii kuna aliyebeba panga la mjomba wake la kufyekea. Panga likishatoka kwa ajili ya ugomvi, kulitumia kwa ajili ya simu ya mpita njia ni hatua fupi.

Vigodoro vilihusishwa sana na jambo hili, na katika sehemu mbalimbali za jiji mamlaka zikavipiga marufuku. Kwa asiyevijua: ni sherehe za usiku kucha mtaani, spika zimepangwa barabarani, mara nyingi kwa ajili ya harusi au kumtoa mwali, zikipiga mchiriku na baadaye singeli. Sikubaliani na wanaoulaumu muziki. Mchiriku uliitwa muziki wa wahuni miaka ya 1990, na mtoto wake singeli leo anapigwa kwenye majukwaa ya kampeni za vyama. Lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliitoa albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017 na wasanii wa uswahilini wakaanza kualikwa matamasha ya Ulaya. Kilichokuwa hatari katika kigodoro ni hesabu ya watu. Saa 9 usiku kuna vijana mia wa vijiwe vitano mahali pamoja, wamelewa, na wote watarudi nyumbani kwa miguu kupitia vichochoro vile vile. Kumi wakitembea pamoja wanagundua kwamba kila wanayekutana naye anawaogopa. Hakuna aliyepanga, na bado kesho yake gazeti litaandika kwamba Panya Road wamevamia.

Narudi kwenye mazishi ya Januari 2015, maana yana jibu ambalo sikuliona likiandikwa wakati ule. Kwetu msiba ndio kipimo cha mtu kuwa wa watu. Turubai linafungwa, daftari la rambirambi linapita, wanaume wanakaa nje kwenye mikeka, akina mama wanapika. Lakini kijana akiuawa na umati huku akiitwa mwizi, mtaa hujikunyata. Wengine walikuwa kwenye umati. Wengine wanaona aibu kumtazama mama yake. Wanaokuja kwa wingi, wakachangia jeneza na kulibeba mabegani, ni wale wa kijiweni. Hapo ndipo kundi linapojitambua kwa macho yake: sisi ndio tuliomzika. Wanarudi kutoka makaburini na hasira isiyo na pa kwenda, na waliomuua mwenzao hawana sura wala majina, ni “wananchi wenye hasira.” Basi mwananchi yeyote njiani anafaa. Sitetei walichofanya usiku ule. Ninachosema ni kwamba msafara ule haukuhitaji jemadari.

Hofu ya zamani

Mji huu umewaogopa vijana wake tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake vijana wa Dar es Salaam na Tanga walijiunga katika vyama vya ngoma ya Beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine, vyenye wafalme, majenerali na sare, vikichangiana misiba na kushindana kwa karamu. Maofisa wa kikoloni walikuna vichwa wakidhani kuna jeshi la siri linaundwa. Mwanahistoria Terence Ranger alipoichunguza habari hiyo katika kitabu chake cha 1975 aliona zaidi vijana waliokuwa wakijitafutia heshima katika mji usiowapa. Baadaye Waingereza walitunga sheria ya 1944 ya kuwaondoa mijini wale waliowaita wenyeji wasiotakiwa: wahuni walisombwa kwenye misako, wakarudishwa bara, na wengi wao wakarudi mjini. Serikali huru nayo ikaja na Nguvu Kazi mwaka 1983. Malori yakajaa, wakapelekwa mashambani. Wakarudi tena.

Majina nayo yalipokezana. Kabla ya Panya Road mitaa ilitetemeka kwa Komando Yosso, kisha Mbwa Mwitu. Kila jina lilifutwa na operesheni, na kila mara vijana wa rika lililofuata walikuwa na jipya tayari.

Tofauti na kwingine inafaa kuwekwa wazi. Kenya ina magenge yenye umbo. Mungiki, iliyopigwa marufuku mwaka 2002, ilikuwa na viapo, ngazi za uongozi na, la muhimu kuliko yote, chanzo cha mapato: ilitoza matatu kila siku na kuuza ulinzi, maji na umeme wa kuunganisha katika mitaa ya Nairobi. Desemba 2016 waziri wa mambo ya ndani wa Kenya, Joseph Nkaissery, alitangaza marufuku ya makundi 90, mengine yakiwa ya vijana wa Mombasa. Kuhusu Sicilia, Diego Gambetta aliandika mwaka 1993 kwamba kiini cha mafia ni biashara ya kuuza ulinzi kwa watu wasioaminiana. Genge la namna hiyo linahitaji amani kiasi fulani ili lipate wateja, kwa hiyo huwaadhibu vibaka wa mtaani kwake. Panya Road hawauzi ulinzi, hawatozi daladala, hawana eneo wanalolitawala mchana. Wanachukua na kukimbia.

Na anayechukua simu 12 usiku mmoja lazima awe na pa kuzipeleka.

Wenye meza

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Kijana wa miaka 16 hana matumizi na simu 12. Hana chaja zake, hajui nywila zake, na zikiwaka zinaweza kumpeleka gerezani. Kabla hakujakucha atakuwa amezikabidhi kwa mtu mzima kwa fedha ndogo isiyolingana hata na kioo cha mojawapo. Mtu huyo anamjua fundi wa kufuta kilichomo. Fundi anamjua mwenye meza. Ikishindikana kufunguliwa inakatwa kama ng'ombe wa machinjioni, kioo huku, betri kule, kamera pengine. Mwisho wa mnyororo yuko mfanyakazi wa ofisini anayejisifu kwa wenzake kwamba amepata mzigo wa bei ya kutupa. Katika safu hiyo yote anayepigwa mawe hadi kufa ni mmoja tu, yule wa kwanza. Waliobaki wana paa, wengine wana leseni ya biashara.

Serikali ilishawahi kuonyesha kwamba mnyororo huu unakatika. Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba ya utambulisho wa kifaa, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Namba hiyo hiyo inaweza kuizima simu iliyoibwa. Lakini waulize watu kumi waliowahi kuporwa ni wangapi waliokuwa wameiandika namba hiyo mahali, na ni wangapi walikwenda kituoni na kukamilisha taarifa hadi simu ikafungwa. Wengi hulipia laini mpya wakaendelea na maisha.

Juu ya biashara ya simu iko nyingine ambayo ndiyo yenye umbo hasa: unga. Heroini hutoka Asia kupitia pwani ya Makran, inashuka baharini kwa majahazi hadi ukanda wetu. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 zilikamatwa Lindi. Mwezi Machi 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimtaja Mtanzania Ali Khatib Haji Hassan, maarufu Shkuba, kuwa kiongozi wa mtandao wa dawa za kulevya unaofika mabara kadhaa, na Mei 2017 akasafirishwa kwenda Marekani kujibu mashtaka. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, mzigo mkubwa kuliko wowote wa dawa za aina hiyo uliokuwa umewahi kukamatwa nchini hadi wakati huo. Mzigo kama huo unahitaji mtaji, meli, maghala, hati, watu wa benki na watu wa kutazama pembeni kwa wakati unaofaa. Hilo ndilo kundi lenye mwenyekiti. Hakuna jioni hata moja ambayo Dar es Salaam iliwahi kufunga maduka kwa kuwaogopa hao.

Mtaani kwetu mnyororo huo unaishia kwenye kete na kwa pusha anayemjua kila mtu. Na ukitaka kuona urafiki wa maskani unavyoweza kwenda mbali, kuna jambo lililoripotiwa na watafiti hapa Dar es Salaam mwaka 2005: wanawake waliokuwa wakijidunga heroini walimpa mwenzao asiye na fedha, aliyeshikwa na arosto, damu iliyotoka kwenye sindano yao baada ya kujidunga, wakiamini ina dawa ya kumtuliza. Walikuwa wanamgawia. Adabu ile ile ya sahani moja na vijiko vinne, sasa imebeba virusi. Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni Februari 2011, ikifuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na kwa maoni yangu foleni za asubuhi kwenye dirisha la dawa zimepunguza wizi wa mitaani kuliko misako mingi.

Difenda na karandinga

Jibu letu la kawaida kwa Panya Road limekuwa kusomba. Jina likivuma, vijana wenye rasta, michoro mwilini na suruali za mlegezo hujazwa kwenye karandinga, na Kanuni za Adhabu zina kifungu cha uzururaji kinachotosha kumweka ndani mtu ambaye kosa lake ni kutokuwa na pa kwenda. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na hawezi kuhukumiwa kifungo cha jela. Lakini shule ya maadilisho tunayo moja tu, Irambo, Mbeya, na katika msako wa usiku ni nani anayekagua vyeti vya kuzaliwa? Mvulana aliyekuwa akisikiliza hadithi za braza sasa analala naye chumba kimoja, chini ya nyapara, na akitoka yeye ndiye mwenye hadithi. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Anayestahili aipate. Tatizo ni aliyesombwa tu.

Lipo pia neno “majibizano ya risasi.” Inawezekana kabisa kwamba kila mara ni kweli. Ila mji huu una kumbukumbu. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa Sinza, wakauawa katika msitu wa Pande, na umma ukaambiwa ni majambazi waliokufa wakipambana na polisi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka ilibaini kuwa hawakuwa majambazi, na maofisa wa polisi wakafikishwa mahakamani. Waliouawa walikuwa na ndugu wenye uwezo wa kupiga kelele. Kijana wa Buza mwenye mama anayeuza samaki hana tume.

Ulinzi shirikishi ninauunga mkono, kwa sharti. Kila kaya inachangia, vijana wanapewa filimbi na virungu, usiku unapita salama. Lakini wanaoajiriwa ni akina nani? Ni vijana wa vijiwe vile vile, kwa kuwa ndio wasio na kazi na ndio wanaozijua njia za panya. Mara nyingi mpango huo unafanya kazi vizuri kwa sababu hiyo hiyo: aliyelipwa kulinda mtaa wake anapata kile alichokuwa akikitafuta kijiweni, kuonekana na kutegemewa. Mara nyingine wakazi wamelalamika kwamba walinzi wenyewe ndio wanaowapora. Ukitazama kwa makini tofauti haiko kwa vijana. Iko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Panapokuwa na daftari la michango linalosomwa mkutanoni na walinzi wakalipwa tarehe inayojulikana, malalamiko ni machache. Fedha zikipotelea mfukoni mwa mtu, mwezi wa tatu walinzi wanaanza kujilipa wenyewe.

Vyama vya siasa navyo vinawajua vijana hawa vizuri. Kila uchaguzi hupakiwa kwenye malori, wanapewa fulana na posho ya kushangilia, na siku inayofuata wanarudishwa pale walipochukuliwa. Wanajifunza hapo kwamba kundi la watu 30 wenye sauti lina bei.

Kwako msomaji nina ombi dogo, na liko ndani ya uwezo wako bila kusubiri operesheni. Bonyeza *#06#, uandike namba itakayotokea kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu yako ikiporwa, nenda kituoni ukaripoti, kisha uhakikishe imefungwa, hata kama umeshakata tamaa ya kuipata. Na ukiletewa simu nzuri kwa theluthi ya bei, haina risiti wala boksi, usiinunue. Aliyeileta mezani alimlipa mtoto kwa kazi ya usiku. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, na uombe daftari la michango ya ulinzi lisomwe mbele ya watu.